Faili linaitwa MSAMAHA

Kwenye kompyuta ya dukani kwangu kuna faili linaitwa MSAMAHA. Ni ukurasa mmoja tu. Juu kuna nafasi ya jina la kijiji na tarehe, chini nafasi ya sahihi na mhuri wa mtendaji, na katikati kuna sentensi ninayoweza kuichapa nimefumba macho: "Mtajwa hapo juu ni mkazi wa kijiji hiki, ni mzee na hana uwezo wa kugharamia matibabu, hivyo naomba apatiwe msamaha."

Duka langu ni la steshenari, katika mji mdogo wa mkoa wa Tanga. Natoa kopi, napiga chapa, nauza madaftari na kalamu, napiga picha za pasipoti. Watendaji wengi wa vijiji vya huku hawana printa, kwa hiyo huwatuma wazee waje kwangu na kikaratasi chenye jina, mimi nachapa, wao wanarudi kugongewa mhuri. "Mama, niandikie ile ya msamaha." Nabadilisha jina, naprinti, napokea elfu moja yangu. Na kwa kuwa hospitalini wanataka pia kopi ya kitambulisho, naongeza mia mbili. Nimefanya hivyo miaka, na niseme ukweli, ile sentensi sikuwahi kuisoma kama mtu anayesoma. Niliisoma siku nilipoandika jina la mama yangu.

Mama alianguka shambani mwaka 2021, akipalilia muhogo. Jirani alimkuta amekaa chini ya mchungwa, anasema mti unazunguka. Zahanati wakasema ni presha, wakampa rufaa kuja hospitali ya wilaya, na hospitali wakamwanzishia dawa ya kumeza kila siku, maisha. Nilipouliza dirisha la wazee liko wapi, mhudumu akatazama kitambulisho cha taifa cha mama na kusema, kwa upole kabisa, kwamba bado si mzee.

Hapo inabidi nieleze kidogo. Mama amezaliwa kwenye kambi ya mkonge. Babu yangu alikuja Tanga kama manamba, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa, na watoto wake wote walizaliwa kambini, bila cheti, bila hata daftari la kuandikwa. Mama anakumbuka usiku wa uhuru, Desemba 1961: ngoma ilipigwa mpaka asubuhi, na yeye alichapwa kwa kutoroka kwenda kuiangalia. Mtoto wa kutoroka kwenda ngomani ameshakuwa na miaka yake kadhaa. Lakini siku ya kuandikishwa kitambulisho alipoulizwa mwaka wa kuzaliwa akasema hajui, na aliyekuwa anaandika, huku foleni imefika nje, akamtazama usoni, akaandika 1 Januari 1963. Kwa hiyo mwanamke mwenye umri wa miaka sitini na kitu alikuwa, kwa karatasi, na miaka 58. Mzee, kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, ni mtu wa miaka 60 na kuendelea.

Kurekebisha kulihitaji kiapo, mashahidi, safari na pesa. Tulijaribu mara moja, tukachoka. Mama mwenyewe alicheka: "Mwe! Wacha wanifanye kijana, wenzangu wanautafuta huo ujana hawaupati."

Miaka miwili ile tulilipa. Tulimkatia bima ya afya ya jamii, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ikamsaidia kumwona daktari na vipimo. Dawa zilipokuwa hazipo hospitalini nilinunua duka la dawa hapa mjini: vidonge 30, shilingi 4,500. Kila mwezi nilimtumia elfu kumi kwenye simu, nikaiita "hela ya dawa". Hakukosa hata mwezi mmoja, na presha ikashuka vizuri. Likumbuke hilo, msomaji.

Januari 2023 serikali ikakubali kwamba mama yangu ni mzee. Nilifurahi kuliko yeye. Nikafungua faili la MSAMAHA, nikafuta jina la mzee wa mwisho aliyekuja, nikaandika la mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kanga imemfunika kichwa, akaniambia, "Nisomee." Nikasoma. Nilipofika kwenye "hana uwezo" sauti ikanikwama, nikaendelea haraka haraka kama mtu anayeruka dimbwi.

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Hilo lazima liwepo?"

"Ndiyo wanavyotaka, mama."

"Haya. Gonga."

Sijamtendea haki mama kama sitasema anatoka wapi. Yeye ni mtu wa enzi za Mwalimu. Kwao, ukiumwa unakwenda hospitali, unatibiwa, unarudi, basi, hakuna anayekuuliza una nini mfukoni. Uchangiaji, yaani wagonjwa kuchangia gharama za matibabu, ulipoanza mwaka 1993 ndipo ikabidi watafutwe watu wa kusamehewa: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wagonjwa wa kifua kikuu na ukoma, wazee wasiojiweza. Kwa mtu wa ofisini "msamaha" ni neno la kazi tu, kama "risiti" au "rufaa". Kwa mama, msamaha ni kitu unachoomba ukivunja sahani ya watu.

Siku ya kliniki ya kwanza tulikwenda wote. Kliniki ya presha ni Alhamisi. Tulifika saa kumi na moja alfajiri tukidhani tumewahi, tukakuta mawe. Pale mlangoni wagonjwa hupanga mawe chini kwa mstari, kila mtu na lake, halafu wanakwenda kukaa kwenye baraza wajifunike. Jiwe ndilo linakaa foleni. Wengine wameweka ndala, mmoja aliweka kopo la maji. Mama akatafuta jiwe lenye mgongo mweupe ili asilipoteze, akaliweka la ishirini na tatu. Kulipopambazuka akatokea mgonjwa mmoja mwenye kimbelembele, akaandika majina kwenye kipande cha boksi kwa kufuata mawe, na hakuna aliyegombana. Foleni ile ilikuwa na haki kuliko ofisi nyingi ninazozijua.

Ndani kulikuwa na kibao kikubwa: mpishe mzee apate huduma kwanza. Sasa siku ya kliniki ya presha ni nani atampisha nani? Benchi zima ni wazee.

Kupimwa, sawa. Daktari, sawa, dakika nne labda, lakini alimsikiliza. Tatizo likaja dirisha la dawa. Alikuwepo kijana mmoja peke yake, watu zaidi ya mia nje, jasho linamtoka. Aligawa foleni kwa sauti, na kwa kweli sidhani kama alikuwa na nia mbaya: "Wa bima na wa kulipia hapa mbele! Wa msamaha wasogee ukutani!"

Wazee wakaanza kujivuta kwenda ukutani. Mama hakuinuka. Nikamgusa. "Mama, ni sisi." Hakuinuka. Kijana akarudia, mara hii akimwangalia yeye: "Bibi, wewe si wa msamaha?" Watu wakageuka. Hapo ndipo akasimama, akajifunga kanga upya taratibu, akaenda ukutani akakaa kimya mpaka saa nane mchana. Dawa tulipata, vidonge 30. Mara ile zilikuwepo zote.

Njia nzima kwenye basi alitazama dirishani. Karibu na kituo chake akasema, si kwa kuniuliza, "Lakini mimi nimemkosea nani?"

Mwezi uliofuata akaniambia nisifunge duka kwa ajili yake, atapanda gari la alfajiri na kurudi mwenyewe. Nikashukuru, maana Alhamisi ni siku yangu ya biashara. Jioni nikapiga simu: "Umepata dawa?" "Nimepata." Mwezi wa nne: "Umepata?" "Nimepata, usijali." Na mimi, kwa kuwa dawa sasa ni bure, nilikuwa nimeacha kutuma ile elfu kumi. Nilielekeza kwenye ada ya mtoto. Niliona hesabu yangu imekaa vizuri sana.

Idd el-Haj, mwisho wa Juni, tukaenda kijijini. Nikatafuta sukari kwenye kopo la biskuti, nikakuta pakiti ya dawa. Tarehe iliyoandikwa kwa kalamu juu ya bahasha ilikuwa ya Februari. Ndani vidonge vinane.

Nilikaa nacho kile kibahasha jikoni muda mrefu. Alipoingia hakukana. Alikuwa akimeza nusu, siku ambazo kichwa kinamgonga. Siku nyingine anakunywa chai ya mchaichai. Hospitali hakurudi tena tangu siku ya ukutani.

Nikataka kupandisha sauti, na nadhani nilipandisha kidogo, mpaka aliponifanyia hesabu. Mama hajasoma zaidi ya darasa la nne lakini hesabu za pesa humdanganyi. Bodaboda kutoka kwake mpaka barabara kuu, elfu tatu. Basi mpaka mjini, elfu mbili. Kwenda na kurudi, elfu kumi. Chai na andazi maana unashinda huko, elfu moja. Na siku nzima shamba limelala, na wajukuu anawaachia jirani ambaye naye kuna siku atataka alipwe fadhila. "Dawa yenyewe dukani ni elfu nne na mia tano," akasema. "Sasa niambie, mwanangu, hiyo ya bure ni ipi?"

Ile elfu kumi niliyoiita hela ya dawa kumbe ndiyo iliyokuwa ikimbeba barabarani. Nilipoikata, nilikata nauli. Alipokuwa analipa alimeza. Alipopewa bure akaacha. Ningekuwa nimesimuliwa jambo hili na mteja wangu ningesema huyo bibi ni mbishi.

Kwa nini hakusema? Nilimuuliza. Akasema angeombaje hela ya kwenda kuchukua kitu ambacho barua, niliyoichapa mimi, imeandika hana uwezo nacho? Angekuwa hana uwezo mara mbili.

Haikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na bure ya namna hii. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, mwaka 2014, kujifungua kulikuwa bila malipo, nikapewa orodha: glovu, pamba, nyembe, vibanio vya kitovu, mpira wa kulalia. Nilinunua vyote nikavifunga kwenye kanga bila kulalamika, maana kila mwanamke niliyemjua alifanya hivyo. Dada mmoja wodini alikuja mikono mitupu. Aliazimwa huku na huku, na kila aliyemwazima alimwambia neno. Nilimsahau yule dada mpaka siku ya kopo la biskuti.

Kesho yake nikampeleka mama zahanati ya kijiji. Ni dakika ishirini kwa miguu, nami nilikuwa nimeshaidharau, maana tulishavuka ngazi, tulikuwa watu wa hospitali ya wilaya. Muuguzi alitupokea vizuri, akatoa mashine ya presha, akaibonyeza, ikakaa kimya. Betri zimekwisha. Ziliagizwa, hazijaja. Nikatoka, nikavuka kwenda kibanda cha Mangi, nikanunua betri nne kwa elfu mbili, nikarudi. Mashine ikalia: 198/112. Muuguzi akarudia mkono wa pili kana kwamba hakuamini, kisha akatuambia twende wilayani siku hiyohiyo, tusisubiri Alhamisi.

Betri nne. Sijui ni watu wangapi walipita pale wiki hizo wakaambiwa mashine mbovu wakarudi nyumbani. Sisemi kwamba wagonjwa wanunue vifaa vya zahanati, na kuna watu wataniambia nimebeba mzigo wa serikali. Labda. Mimi siku ile nilikuwa na mama yangu na elfu mbili.

Hospitali, zamu ile alikuwepo muuguzi mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akafungua daftari la mama, akaona Februari halafu kurasa tupu. Nilijiandaa kwa maneno. Hakusema neno la lawama. Akauliza, "Mama, kuja hapa nauli shilingi ngapi?"

Mama akamwambia.

"Basi kila mwezi hutaweza. Mwombe daktari akuandikie ya miezi miwili. Usipomwomba ataandika mwezi mmoja, ndivyo walivyozoea. Na huo mwezi wa katikati upimwe presha hapo zahanati kwenu, wakuandikie kwenye daftari hili, wagonge na mhuri. Daktari akiona namba ziko sawa hatakusumbua."

Hayo tu. Hakuna sheria mpya iliyotungwa, hakuna mkubwa aliyepigiwa simu. Mambo hayo yote yalikuwepo tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyeyasema na sisi hatukujua kwamba yanaulizwa. Nilikuwa nimechapa barua za watu miaka yote hiyo, nikidhani ukishapata mhuri umeshaingia ndani. Mhuri unakufikisha mlangoni. Baada ya hapo kuna maswali ambayo mtu wa kulipa anayauliza kwa sauti na mtu wa msamaha anayameza, kwa sababu anahisi ameshaomba vya kutosha.

Mama naye aliyameza. Kwa daktari alikaa mikono magotini kama mtoto wa shule. Niliuliza mimi. Daktari akasema, "Haina shida," akaandika miezi miwili. Ilichukua muda mfupi kuliko kutafuta kiti.

Tangu hapo tumekuwa na utaratibu, na hauendi sawa kila mara. Kuna mwezi dawa moja haikuwepo, tukaandikiwa kununua nje. Kuna mwezi zahanati walikuwa kwenye semina, presha haikupimwa. Elfu kumi nimerudisha, naituma kila baada ya miezi miwili na sasa naiita nauli, jina lake. Na nimeacha kumuuliza mama kama anakunywa dawa, maana jibu ni "nakunywa" hata kama mbingu zinaanguka. Nikienda nafungua kopo la biskuti nahesabu. Mwanzoni alikasirika. Siku hizi ananiletea kopo mwenyewe, nikiwa bado sijavua viatu.

Kuhusu ile barua. Mwanzo wa 2024 tulitakiwa kupeleka mpya, maana vitambulisho vya matibabu vya wazee vilikuwa havijafika kijijini kwao. Nikakaa mbele ya kompyuta nikasema hapana, mara hii nitaandika kwa heshima. Nikafuta "hana uwezo". Nikaandika kwamba mtajwa ni mzee mwenye umri wa miaka 61 na anastahili kupata huduma za afya bila malipo kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee. Nikaipenda. Mtendaji akaipenda, akagonga mhuri, akaniomba nakala.

Ustawi wa jamii wakaikataa. Dada aliyekuwa mezani alisoma mara mbili akitafuta kitu. "Hapa hakuna 'hana uwezo'," akasema. Nikamweleza. Akaniambia ananielewa kabisa, ila miaka 60 peke yake haitoshi, lazima iandikwe kwamba hajiwezi, vinginevyo yeye ndiye ataulizwa. Nyuma yangu kulikuwa na wazee wanane na mama mmoja mwenye mtoto wa kiharusi. Nikarudi dukani, nikaandika ile ya zamani. Mama sikumsomea. Alinyoosha mkono akaichukua, akaitazama kidogo kwa mbali maana macho hayaoni vizuri karibu, akaikunja mara nne akaitia kwenye pochi. "Nimeshaizoea," akasema. "Ni karatasi."

Faili lingine nimelibakiza, linaitwa MSAMAHA 2. Halijawahi kupita. Ila wazee wanaokuja sasa nawauliza nauli yao ni kiasi gani na wanapewa dawa za muda gani, na wengi wananishangaa, maana wamekuja kuchapiwa tu. Bibi mmoja wa wiki iliyopita alinijibu kwa ukali, "Wewe ni daktari?" Nikamwambia hapana bibi, shikamoo, elfu moja.

Wiki hii mvua imekata njia ya kwao, bodaboda hazipandi. Kliniki ni Alhamisi. Jana nimempigia, nikamwambia afungue kopo anihesabie kwa sauti. Vimebaki kumi na moja.